Ulimbo wa Mjomba Alfonsi

Mwezi uliopita nilipasua fenesi jikoni kwangu bila kupaka mafuta mikononi kwanza. Utomvu ukanishika vidole, ukashika kisu, ukashika mpaka kitasa cha mlango. Nikabandika sufuria ya mafuta jikoni ili nijisugue nayo yakiwa ya vuguvugu, na tone moja la ule utomvu likadondokea ndani. Moshi mdogo ukapanda, harufu tamu iliyochanganyika na ya kuungua. Nikakaa chini sakafuni. Mwanangu mdogo aliingia akaniuliza, "Mama, unalia?" Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, hasira mbichi ya mtoto wa miaka tisa, na nilishangaa kuikuta ingali palepale nilipoiacha.

Wapo watu wengi niliowakosea kwa bahati mbaya, kama ilivyo kwa kila mtu. Ila ni mmoja tu niliyemkusudia ubaya, nikaupanga, nikautimiza, na huyo alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yangu.

Tulikaa Kilakala, nyumba ya vyumba viwili na sebule, mgongo wake umeuelekea mlima. Mliokulia Morogoro mnakijua kipupwe chetu. Mawingu hushuka kutoka Uluguru kabla ya alfajiri yakalala juu ya mapaa, bati likatiririsha maji kana kwamba mvua imenyesha, na wewe unapiga mswaki uani huku meno yanagongana. Watoto wengine waliota moto wa makaratasi wakacheka moshi ukitoka midomoni mwao. Mimi nilikuwa na pumu. Mwaka ule kipupwe kilinikamata vibaya, mpaka mwalimu wangu wa darasa la tatu akamwita Mama akamwambia anipumzishe nyumbani hadi baridi ipungue, maana nikianza kukohoa darasa zima lilikuwa linaacha kusoma linanitazama.

Mama alisogeza kitanda changu hadi dirishani, akanivika masweta mawili na soksi za Baba, akarudi barazani kwenye cherehani yake. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa. Kwa kweli miaka ile nilizijua soksi zake kuliko nilivyomjua yeye.

Nje ya dirisha ilikuwa bustani ya Mama. Matuta manne ya mchicha na matembele, mpera mmoja, mpapai, ua wa michongoma, kamba ya kuanikia nguo, na bomba lisilofunga vizuri lililokuwa likidondosha maji kwenye karai bovu. Kipupwe ni wakati wa ukame pia. Majani ya mtaa mzima yalikuwa yamekauka na kugeuka rangi ya vumbi, ila pale kwetu palikuwa kijani, na ndege wa Kilakala yote walipajua.

Tetere ndio waliotangulia, wawili wawili, wanatembea polepole kama wazee wanaokwenda kanisani. Wakafuata shomoro. Kisha shore, vichwa vyeusi, wagomvi wasioisha kusemezana. Jua likishapasua ukungu na kugusa michongoma walikuja chozi, wadogo kama kidole gumba, wanang'aa kama mafuta ya dizeli juu ya dimbwi. Na mwisho walikuja chiriku. Chiriku mmoja hakuwa na manyoya utosini. Pengine aliwahi kuponyoka makucha ya paka. Nilimwita Kipara. Alikuwa akitua kwenye kamba ya nguo, anafura kifua, anaimba mpaka mwili wote unatetemeka, na mimi nikiwa nimebanwa kifua kule ndani nilikuwa nikishangaa kiumbe kidogo vile kinatoa wapi pumzi yote ile. Siku nyingine nilijaribu kuvuta pumzi kila alipovuta yeye. Nilikuwa na daftari la mistari, na humo niliandika kila aliyekuja, alitua wapi, alikuja na nani.

Hapo ndipo alipoteremka Mjomba Alfonsi kutoka mlimani, begani gunia la magimbi, kuja kutafuta kazi mjini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba atakulea, lakini mwenye mtoto ni mjomba, na neno lake ndilo la mwisho. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo alipoingia chumbani kwangu siku ya pili yake, nilijiinua kitandani na masweta yangu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nasikia unashinda hapo dirishani. Unatazama nini?"

"Ndege."

Nilitegemea acheke. Mama alikuwa akicheka, na jirani zetu walikuwa wakimuuliza Mama kama homa haijanipanda kichwani. Mjomba alivuta kigoda akaketi, kidevu chake kikawa sawa na ukingo wa dirisha.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza vile. Hakunikatiza, hakutazama pembeni, na maswali yake yalikuwa maswali ya mtu anayetaka kujua.

"Huyu mwenye kipara hutua wapi kwanza?"

"Kwenye ule ufito wa ua, Mjomba. Kwanza ufito, halafu kamba, halafu karai."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wenzake?"

"Wanamfuata. Yeye ndiye anayetangulia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa siri na anataka kuitunza. Tulikaa hivyo asubuhi nyingi. Nilimsomea daftari langu lote, ukurasa kwa ukurasa. Nilimpenda mno. Nilikuwa nikiomba asipate kazi ili asiondoke.

Asubuhi moja harufu ngeni, tamu na ya kuungua, ilipenya dirishani. Nikajifunga kanga nikatoka uani. Nilimkuta Mjomba nyuma ya jiko, amechutama, anakoroga kitu kizito kwenye kopo la maziwa juu ya mafiga. Kilikuwa kinavutika kama mate.

"Unapika nini, Mjomba?"

"Gundi," akasema bila kuinua macho. "Huoni viatu vyangu vilivyoachama?"

Viatu vyake vilikuwa vimeachama kweli. Vikaendelea kuachama wiki ile na wiki iliyofuata, na mimi, mtoto niliyejiona mjuzi wa kutazama mambo, sikujiuliza gundi yote ile ilikuwa inakwenda wapi. Mjomba alikuwa akiamka gizani. Mimi dawa yangu ya usiku ilikuwa inanilaza mpaka jua litoke, na nilipoamka yeye alikuwa ameshaondoka. Mama alisema amepata kibarua njia ya Dar es Salaam.

Ndege wakaanza kupungua. Kwanza sikuwaona tetere. Nikadhani baridi imewazidi, wamehamia bondeni. Kisha shore wakawa wawili, akawa mmoja. Siku moja Kipara hakuja. Niliweka mtama kwenye ukingo wa dirisha, nikangoja mpaka adhuhuri, wakaja sisimizi tu.

Jioni Mjomba aliporudi nilimwambia, "Mjomba, ndege wanaisha."

Akavua viatu vyake vilivyoachama. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akanivuta blanketi hadi shingoni.

"Ni kikohozi chako, mpwa wangu," akasema kwa upole. "Ndege wana masikio mepesi. Ukikohoa alfajiri wanashtuka. Wakishashtuka mara tatu, mara nne, wanahama."

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Darasa zima lilikuwa linashtuka nikikohoa, sembuse ndege.

Tangu siku hiyo nikajifunza kumeza kikohozi. Kikipanda nilikuwa nikiuma pembe ya mto, najiziba uso wote, nabana mpaka machozi yanatoka na masikio yanavuma. Kifua kiliniuma kama kimefungwa kamba. Mama alifurahi. "Kikohozi kimepungua, Mungu mkubwa," aliwaambia wateja wake. Alfajiri moja Mjomba aliingia chumbani kutafuta gunia lake chini ya kitanda, akanikuta ninapigana na mto wangu. Tulitazamana. Aliona kila kitu. Angeweza kusema neno moja tu.

"Vumilia," akasema. "Watarudi."

Akachukua gunia lake akatoka.

Siku chache baadaye midomo yangu ikageuka rangi. Mama alinibeba mgongoni hadi hospitali, na kule wakasema nipelekwe Dar es Salaam, wanichunguze vizuri. Tulipanda basi la asubuhi. Nilikuwa nimeegemea kioo, nusu nimelala, tulipofika Mikese na basi likasimama kushusha abiria. Wachuuzi wakatujia mbio na mahindi ya kuchoma na mayai. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari dogo jeupe, na pembeni yake mtu amebeba mti begani, mti ulioning'inizwa vizimba vya fito kila upande. Nilianza kulijua shati, kwa sababu nilikuwepo Mama alipolishona. Kisha nikamjua mwenye shati.

Alikuwa ameinua kizimba kimoja hadi kwenye dirisha la gari. Ndani yake alikuwa Kipara. Manyoya ya kifuani yalikuwa yamegandamana, yamechakaa, kama nywele zilizomwagikiwa uji. Hakuwa anaimba. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya kizimba.

"Huyu anaimba?" mwenye gari aliuliza. Dirisha letu lilikuwa wazi, nilisikia vizuri.

"Anaimba, bosi! Asubuhi mpaka unamchoka. Huyu anatangulia, wengine wanamfuata. Kwanza anatua juu, halafu ndiyo anashuka kunywa maji. Nimemfuga mwenyewe."

Yalikuwa maneno yangu. Alikuwa akiyasoma kama yalivyo kwenye daftari langu.

"Mama," nikasema, "yule Mjomba."

Mama alitazama, akageuza uso haraka. "Tulia, usiongee. Utabanwa." Akanyoosha mkono mbele yangu, akavuta pazia la basi.

Nililazwa Dar wiki mbili. Nilipewa dawa ya kupuliza mdomoni, na wauguzi walinisifu kwamba mimi ni mtoto mtulivu. Nilikuwa nafikiri. Nilijua sasa ile gundi ilikuwa nini. Babu mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake kitanda cha pili alinieleza nilipomuuliza: ni ulimbo, utomvu wa fenesi uliopikwa na mafuta, unapakwa kwenye vijiti, ndege akitua miguu inaganda, kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozidi kunasa. Vijiti vya Mjomba sikuwa na haja ya kuuliza vilipakwa wapi. Nilikuwa nimemwonyesha mwenyewe, ufito kwa ufito.

Tuliporudi nilimfuata Mama barazani, kwenye cherehani.

"Mama, Mjomba anawanasa ndege wangu. Aliniambia ni kikohozi changu kinachowafukuza. Ndiyo maana nilikuwa najiziba."

Mguu wake ukasimama kwenye kikanyagio. Aliinamia kitambaa muda mrefu, na nilidhani atainuka.

"Ni mjomba wako, Tekla," akasema. "Ndiye mwenye wewe. Na ndege wa porini si wa mtu."

Akaanza tena kukanyaga, cherehani ikanguruma, na nikaelewa kwamba kesi yangu haina pengine pa kwenda.

Nyuma ya ua wetu, ukingoni mwa korongo, palikuwa na mzambarau mzee usio na mwenyewe. Juu kabisa, pale tawi kubwa lilipoachana na shina, palikuwa na tundu. Mchana, jua likichoma, nilikuwa nikiona kitu kama uzi wa moshi kikiingia na kutoka mle. Nyuki. Asubuhi ya baridi hawakuonekana kabisa. Walianza kutoka saa tano, saa sita, wakati Mjomba yuko Mikese. Nilikuwa nimewaandika kwenye daftari siku za mwanzo, kisha nikawafuta kwa mstari mmoja kwa kuwa si ndege. Mstari ule haukutosha kuwaficha. Nikauchana ukurasa, nikautafuna, nikaumeza.

Mjomba alilala Mikese usiku ule, akarudi jioni ya kesho yake, mikono miwili mbele, uso umejaa furaha.

"Mpwa wangu! Umepona! Nilikuwa nakungoja."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Wamerudi rafiki zako? Umeona wapya?"

"Nimeona kasuku," nikasema.

Mkono wake ulikuwa unavuta kigoda. Ukasimama.

"Kasuku gani?"

"Wadogo. Wa kijani. Wawili. Wanaingia kwenye lile tundu la mzambarau."

"Wana makinda?"

"Nadhani. Nawasikia wanalia."

"Wanakuwemo saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla hakujakucha vizuri. Wanalala mle. Ukitia mkono unawashika."

Nikajiuma ulimi. Tangu tujuane sikuwahi kumtamkia neno kushika. Alinitazama usoni, na mimi nikamtazama, na sijui nilipata wapi uso ule mweupe, usio na kitu. Mwishowe akatabasamu, akanipapasa kichwa.

"Wewe mtoto una macho," akasema.

Usiku huo niliificha dawa ya usingizi chini ya ulimi, nikaitema. Kulipoanza kupata rangi nilikuwa nimekaa kitandani, blanketi mabegani. Ukungu ulikuwa umefunika matuta. Nilimwona akipita kwenye pengo la ua, peku, gunia limefungwa kiunoni. Akaukumbatia mzambarau akaanza kupanda. Alipanda vizuri, mtu wa mlimani.

Katikati ya mti akasimama. Akaegemeza shavu kwenye shina, akatulia hivyo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha akageuza kichwa akatazama dirishani kwangu. Ukungu ulikuwa umepungua pale juu. Aliniona, nami nilimwona. Sikupunga mkono. Sikufanya lolote. Akaendelea kupanda.

Alitia mkono mpaka begani.

Sauti ya kwanza ilikuwa kama cherehani ya Mama inapoanza. Kisha akapiga ukelele, ukelele mwembamba kama wa mwanamke, na mkono ulipotoka ulikuwa mweusi, na kichwa kikawa cheusi, na mti wote ukaanza kuvuma. Alijipiga usoni kwa mikono yote miwili. Alianguka upande wa korongo, kwenye mawe. Nilisikia alivyofika chini.

Nataka kusema wazi nilichohisi, kwa sababu nimesoma watu wengi wakikumbuka utoto wao na wote wanajuta palepale. Mimi nilifurahi. Kifua changu kilifunguka. Hewa iliingia hadi chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika tangu kipupwe kianze, na nikavuta tena, na tena. Nilijua Mama ameshatoka mbio, nilisikia majirani wakipiga kelele za moshi, leteni moshi, leteni mablanketi ya maji. Nilibaki kitandani nikipumua.

Hakufa. Uso ulivimba mpaka macho yakapotea, na mfupa wa paja ulivunjika vibaya, ukaungwa vibaya. Alipotoka hospitali Mama alisema, "Mjomba atalala kwako, wewe utalala na mimi." Kwa hiyo alilazwa kwenye kitanda changu, dirishani pangu, mguu umefungwa vibao, hawezi hata kujigeuza.

Hakukuwa na mtu wa kupaka ulimbo tena, na ndege wakarudi. Tetere, shore, baada ya mwezi wakaja chiriku, kundi jipya, wote wana manyoya yao vichwani. Mjomba alikuwa hana kingine cha kutazama. Kazi ya kumpelekea uji ilikuwa yangu.

"Mpwa wangu," aliniambia asubuhi moja, "yule mdogo mwenye kifua chekundu ni nani?"

Nilikuwa namjua. Nilimjua alikotoka na alikokuwa anakwenda.

"Sijui, Mjomba."

"Na yule anayeimba pale kwenye mpera?"

"Sijui."

Kila siku aliuliza, kila siku nilimpa uji na sijui. Daftari nilikuwa nimelitia jikoni, kwenye moto. Nilimwona anavyobadilika, alianza kuwangoja kabla hawajaja, kutabasamu wakigombana, kuweka chenga za ugali kwenye ukingo wa dirisha kwa vidole vyake. Labda wakati ule alikuwa amewapenda kweli. Hilo halikunigusa. Asubuhi moja aliniita kwa sauti ya mtoto, "Tekla! Tekla, njoo, leo wamekuja wengi ajabu, njoo uwaone!" Nikaingia. Bustani ilikuwa imejaa, kamba nzima ya nguo imejaa chiriku. Nikafunga dirisha, mbao mbili zote, nikatia komeo.

"Baridi, Mjomba," nikasema. "Utapata kikohozi."

Gizani mle nilimsikia akivuta pumzi ili aseme kitu. Nikatoka na bakuli la uji.

Alirudi mlimani na fimbo. Mlimani mtu asiyeweza kubeba mzigo kwenye mteremko ni nusu ya mtu, na nusu ya mtu ndivyo alivyoishi, kwa migomba michache na kwa msaada wa Mama. Hakuoa. Sikuwahi kumwambia yeyote, na nikiulizwa kama ningemtuma tena juu ya mti ule, nimejiuliza mwenyewe mara nyingi, jibu ni kwamba ningemtuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita watu wa mchumba wangu walipokuja Kilakala kuleta posa. Bila mjomba jambo kama hilo haliendi, kwa hiyo Mjomba Alfonsi aliteremshwa kwa pikipiki. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Kabla wageni hawajaingia aliniita uani. Mzambarau ulikuwa umekwisha kukatwa, na kwenye nusu ya bustani Mama alikuwa amejenga chumba cha kupangisha. Tuliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Siku ile," akasema bila utangulizi, "nilisimama katikati ya mti. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Niliwasikia. Niliweka sikio nikawasikia wanavuma ndani kwa ndani. Mimi mtoto wa mrina asali, Tekla. Najua nyuki."

Nikamgeukia.

"Sasa kwa nini ulipanda?"

"Nilikutazama pale dirishani. Nikasema, mtoto huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja. Kama kungekuwa na nyuki angeniambia. Nikasema ni masikio yangu, yamezibwa na baridi."

Hapo ndipo ningeweza kumwomba radhi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikasikia sauti yangu, kavu, ileile ya miaka tisa.

"Hata mimi nilikuamini. Kuhusu kikohozi."

Alitikisa kichwa taratibu.

"Ulikuwa unajiziba kwa mto," akasema.

"Uliniona."

"Nilikuona."

Tukakaa. Hakuna aliyesema samahani. Mama alituita kutoka ndani kwamba wageni wamefika, akajiinua kwa fimbo yake, sikumshika mkono wala hakuutafuta.

Sebule ilijaa. Mimi nilipigishwa magoti kwenye mkeka, kichwa chini ya kanga, kama ilivyo desturi. Mshenga wao alisema maneno yote yanayopaswa kusemwa, kisha akamgeukia Mjomba.

"Mzee wetu, wewe ndiye mwenye mtoto. Tuambie, tunamchukua mtu wa namna gani?"

Nilisikia fimbo ikigusa sakafu. Alisimama, angeweza kujibu ameketi, lakini alisimama, na alichukua muda.

"Huyu ni mpwa wangu," akasema. "Ni mkweli. Akikuambia kitu, kiamini, hata kama masikio yako yanakuambia vingine. Mimi nilimwamini, na mnaniona nilivyo."

Mshenga akasema, "Eee, hayo ndiyo maneno!" Mama akapiga kigelegele cha kwanza, wanawake wakampokea, sebule nzima ikalia. Nilibaki vilevile kwenye mkeka, uso kifuani, nimeshindwa kuuinua, mpaka Mama akaja akaniweka mkono begani na kuwaambia wageni wanisamehe, mtoto wake ana haya sana.